Pole ya Mama Mkwe

Fundi Pindo, mtaa ulimwita hivyo kwa kuwa pindo zake hazifumuki, aliijua cherehani yake kuliko alivyomjua mama mkwe wake. Cherehani ikigoma, anaifungua. Mama mkwe akikohoa, afungue nini?

Mama mkwe huyo alikaa mkekani nyuma yake, akifumua vifungo kwenye nguo kuukuu. Kila Pindo aliposhika kasi, kikohozi kilianza. Pindo husimamisha gurudumu, anasema pole mama, anamletea chai, anakaa naye kidogo. Kikohozi kinatulia. Gurudumu likizunguka, hicho tena. Hospitali walimpima kifua wakakiona kizima.

Siku moja wifi yake, muuguzi, alikaa akatazama, akacheka kwa pua.

"Wifi, kikohozi hicho si ugonjwa, kinalishwa. Unampa pole kila akikohoa, basi unamfundisha kukohoa. Usigeuke. Chai mpe akiwa kimya."

Pindo akafanya hivyo, roho ikimsuta. Siku za kwanza kikohozi kilizidi, hadi jirani akauliza kama siku hizi wanafuga mbuzi. Pindo hakugeuka. Wiki ya pili kikapungua, ya tatu kikakatika kabisa. Chai ikawa inakuja kwenye ukimya, na pole ikaja nayo, ingawa Pindo hakujua anampa pole ya nini. Sare za shule alizokuwa akishona zikaisha kabla ya siku ya kuzikabidhi. Akajiona mjanja.

Alhamisi mchana akapeleka kikombe, hakikupokelewa. Akamshika mama mkwe mkono. Moto kama pasi. Kumbe homa ilikuwa naye tangu juzi.

"Mama, mbona hukuniita?"

Mama mkwe akamtazama kama aliyeulizwa swali la mtego.

"Mwanangu, si chai inakuja nikinyamaza?"

Hospitali walimlaza siku mbili, akarudi mkekani kwake. Pindo naye akarudi kwenye cherehani, lakini mshono ule ule aliupita mara tatu. Wifi hakukosea, kikohozi kiliisha kweli. Sasa kosa liko wapi? Kama mama alijifunza, na mwalimu ni yeye, somo lilikuwa lipi?

Nyuma yake, kikohozi. Kimoja tu, kidogo.

Mguu ukaganda juu ya kanyagio. Huenda anaumwa. Huenda anamjaribu.

"Pole, mama," akasema, kisha akatega sikio ajue safari hii amefundisha nini.