Mfupa Aliopandiwa Mdogo Wake Phanice

Phanice alikuwa mwalimu wa chekechea kisiwani Rusinga meno yake ya mbele yalipoanza kulegea. Alikuwa bado msichana. Hayakuoza wala hayakuuma; yaliachana tu polepole, ufizi ukitoa damu, kisha yakang'oka moja baada ya jingine. Watu walisema ni uchafu. Naye akazidi kusugua kwa mswaki na chumvi mpaka akachubuka. Mzazi mmoja alipouliza mbele ya watoto kama mwalimu asiyepiga mswaki ana la kufundisha, Phanice alichukua mkoba wake akaenda nyumbani. Tangu hapo alianika dagaa wa omena ufuoni, akiziba mdomo kwa mkono kila alipozungumza.

Miaka mingi baadaye, mdogo wake Achieng alimfuata pale ufuoni.

"Dada, jino hili linacheza."

Phanice aliligusa kwa kidole. Hakungoja, alimpeleka Homa Bay kwa daktari wa meno aliyeitwa Bogonko.

Daktari alitazama picha ya eksirei. "Ugonjwa huu unakula mfupa chini ya ufizi. Mara nyingine unatembea katika ukoo. Si uchafu."

"Sema tena," Phanice alimwambia.

"Si uchafu, dada."

Alieleza kwamba angefungua ufizi, asafishe mizizi, kisha ajaze mashimo yaliyoliwa kwenye mfupa kwa chembe za mfupa wa ng'ombe zilizosafishwa kiwandani. "Shimo lenye kuta linashika vizuri. Pale mfupa ulipoliwa ukawa bapa, siwezi kuahidi."

Mwaka uliofuata, picha mpya ilionyesha mfupa umejaa kwenye magego ya Achieng, nayo yamekaza. Jino moja la mbele halikushika, likang'olewa. Achieng alifurahi hata hivyo.

"Na mimi, daktari?" Phanice aliuliza. "Unaweza kunipandia huo mfupa?"

Bogonko alimkagua kwa muda. "Huu tunauweka kuokoa jino ambalo bado lipo. Ungekuja yakiwa bado yanacheza..."

"Nani angeniambia nije?"

Daktari alimtengenezea meno ya bandia, ambayo Phanice huyavaa akienda kanisani. Achieng alimsihi arudi kufundisha.

"Wale watoto wangu wameshakuwa watu wazima," Phanice alimjibu, akainama kugeuza omena.