Mwanaharusi Aenda Kutazama Ndege

Pale Miburani, kijiji cha kisiwani, hakuna aliyekuwa na sauti kama ya Mwanaharusi. Tangu usichana wake, mpunga ukianza kushika punje, alipanda dunguni, jukwaa la miti katikati ya shamba, akaamia ndege wasile mpunga mpaka siku ya kuvuna. Alipiga debe, akavuta pumzi, akaachia "Haaayaaa!" iliyowahamisha ndege wa shamba lake na wa mashamba ya jirani.

Kwa hiyo binti yake Aziza, muuguzi aliyekuja likizo kutoka Kilwa, alipomwambia, "Mama, Jumamosi twende ziwani tukatazame ndege," Mwanaharusi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi na ndege tumetazamana maisha yetu yote, mwanangu. Kuna jipya gani?"

"Umewatazama ukiwafukuza, mama."

Mumewe, Shamte, mvuvi wa maneno machache, alisema yeye anakwenda. Mwanaharusi hakuweza kukubali mumewe akaone kitu asichokiona yeye. Jumamosi alikaanga visheti, akajaza chupa ya chai, akawa wa kwanza kuingia kwenye bajaji.

Ziwa lenyewe liko ndani ya kisiwa, limezungukwa na matete, na siku hizi ni hifadhi. Mtembezaji wao, Sadick, aliwapokea na darubini shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Viboko wako wameamkaje?"

"Wako ng'ambo kule, hawana neno. Ninaomba kitu kimoja tu: tunong'one."

Shamte akakohoa. Aziza akatazama chini.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Waliona yangeyange wamesimama kama nguo zilizoanikwa, wakamwona mdiria akijitupa majini na kuibuka na kisamaki. Mwanaharusi alitikisa kichwa tu. Kisha kundi la ndege wadogo, wale wale wa shambani, likashuka juu ya matete kwa kelele, na kabla hajajua afanyalo mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Haaayaaa!"

Ziwa zima likainuka. Bata, korongo, yangeyange, na wengine ambao hata Sadick hakujua kuwa walikuwa wamejificha pale, wote wakajaa angani. Kule ng'ambo kiboko akatoa kichwa, akapuliza pua, akazama tena.

"Astaghfirullahi," alisema Mwanaharusi kwa sauti ndogo kabisa.

Shamte alikuwa ameinama, ameshika magoti. Aziza alidhani baba yake amepatwa na ugonjwa, kumbe ni kicheko kilichomnyima pumzi. Sadick alijaribu kukaza uso, akashindwa.

"Tukae, mama," alisema akifuta machozi. "Watarudi. Dawa ni kunyamaza."

Mwanaharusi akakaa juu ya gogo, akajisokomezea pindo la kanga mdomoni. Kunyamaza kulimtoa jasho kuliko jua la shambani. Lakini ndege walirudi, mmoja mmoja. Mbele yake, juu ya majani ya yungiyungi yaliyoelea majini, akapita ndege wa rangi ya kahawia mwenye vidole virefu ajabu. Tumboni mwake ilining'inia miguu mingine, mingi. Mwanaharusi akamvuta Sadick shati, akaonyesha kwa kidole.

"Huyo ni baba," Sadick alinong'ona. "Amewakumbatia vifaranga chini ya mbawa. Miguu hiyo ni yao. Mama keshakwenda zake. Kulea ni kazi ya baba."

Ndege akachuchumaa, akafungua mbawa, na watoto wakamwagika juu ya majani. Mwanaharusi akaitoa kanga mdomoni.

"Baba Aziza, umemwona mwenzio?"

"Nimemwona."

"Nilipokuwa dunguni na Aziza mgongoni, wewe ulikuwa wapi?"

"Baharini."

"Na huyu naye si yumo majini?"

Shamte alifungua chupa, akamimina chai, akampa mkewe kwa mikono miwili. Aziza hakukumbuka kuliona jambo hilo hata siku moja, akageukia kando asimwaibishe baba yake.

Walikaa mpaka jua likawa kali, na darubini ya Sadick, aliyoiazima Mwanaharusi, ilitoka mikononi mwake kwa kubembelezwa.

Jioni jirani yake Somoe akaja na wanawake wenzake kuuliza habari za safari. Mwanaharusi hakueleza kwa maneno. Alipandisha kanga, akatanua vidole vya miguu, akatembea uani kama anayekanyaga majani, wanawake wakaanguka kwa kicheko. Jumamosi iliyofuata zilihitajika bajaji mbili kuwafikisha wote ziwani, na Shamte ndiye aliyebeba kapu la visheti.