Neno Lililomchukua Baba

Harufu ya petroli ndiyo iliyotangulia kutuambia kwamba baba anaondoka. Kabla jua halijafika kwenye mabati ya mtaa wetu wa Waislamu pale Kasongo, alikuwa amekwisha kuisimamisha pikipiki uani, akiimiminia petroli kutoka kwenye chupa, na harufu ile ilipita chini ya mlango, ikaishinda harufu ya chai na mihogo ya kuchemsha, ikatukuta kitandani. Baba alikuwa muuguzi wa chanjo. Nyuma ya kiti alifunga kwa mipira sanduku la barafu lenye dawa, akavaa koti la mvua, kisha akasema maneno yake yale yale: “Naenda misioni.” Mama alimwambia afike salama. Bibi yangu Mwavita, mama yake baba, alimsomea dua kwa sauti ya chini, na pikipiki ikashika njia ya Kabambare.

Kwangu mimi, msichana wa miaka minane hivi, misioni palikuwa mahali pamoja tu duniani: kilimani nje ya mji, penye kanisa la matofali mekundu na kengele tuliyoisikia kila asubuhi. Hatukuwa na sababu ya kwenda huko, lakini tulipaona tukienda shambani. Basi niliamini kwamba baba akitoweka, yuko pale anachanja watoto wa Wakristo, na kukichwa analala kwa mapadri. Sikumwuliza mtu, maana sikuona cha kuuliza. Kwamba pikipiki ilielekea upande mwingine hakukunisumbua. Niliwahesabu watu wazima kuwa na njia zao za kuzunguka.

Msimu ule mvua zilikuja kwa hasira, na baba akapitisha siku alizoahidi. Nyumba ikakosa utulivu. Mama aliunguza maharage, yeye ambaye hakuwahi kuunguza chochote. Bibi aliketi, akainuka, akafagia ua aliokwisha kuufagia, akaenda mlangoni kutazama barabara, akarudi kuketi. Kila pikipiki iliyopita ilitunyamazisha sote. Wanaume waliingia wakanong'ona na mama: daraja limechukuliwa na maji, watu wenye silaha wameonekana upande wa Wamaza, kwenye njia ya Kabambare, vijiji vimekimbilia porini. Niliyasikia yote, wala hayakunigusa. Wamaza ilikuwa mbali, na baba alikuwa hapo kilimani. Nilishangaa tu kwa nini hakuna aliyekwenda kumwita.

Shuleni nilikaa benchi moja na Veronika, binti wa wakulima Wakristo. Nilipomwambia kwamba baba amechelewa kurudi kutoka misioni, alinitazama kama niliyepotewa na akili. “Misioni yetu? Hayuko. Mimi naenda kule kila siku, sijamuona hata mara moja.” Hapo ndipo nami nilipoanza kukosa pa kukaa. Mchana ule sikwenda madrasa. Nilimfuata Veronika hadi kilimani, nikachungulia kanisani, nikapita karakana ya useremala, nikazunguka jiko la masista ambako mihogo ilikuwa imeanikwa. Moyo ulinidunda kwa kuwa mahali pasipo petu, na kwa kila mgongo wa mwanamume ambao, ukigeuka, haukuwa wa baba.

Mzee Anselmi, katekista aliyewahi kusoma seminari ujanani, alinikuta nimesimama karibu na ghala.

“Unatafuta nani, mutoto?”

“Natafuta baba. Iko misioni.”

“Anafanya kazi gani?”

“Anachoma watoto sindano.”

Hakucheka. Alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na yangu, akanieleza polepole. Misioni, alisema, ni neno lililotoka katika Kilatini, lugha ya zamani ya Kanisa, ambamo kutuma ni *mittere*. Wafaransa wakalichukua, Wabelgiji wakatuletea. Mapadri walitumwa, wakajenga hapa, na watu wakapaita mahali pale kwa jina la safari yao. Hata misa imetoka kwenye shina hilo. Serikali nayo ikimtuma mtu, safari yake ni misioni. “Baba yako hakuja hapa, mutoto wangu. Ametumwa.”

Alidhani amenituliza. Kumbe ndipo alipomwondoa baba kilimani na kumweka Wamaza, kwenye daraja lililovunjika, kati ya wale watu walionong'onwa nyumbani. Nililia hadi Veronika naye akaanza kulia. Mzee Anselmi alinipakia kwenye baiskeli yake akanirudisha nyumbani, akamsimulia bibi yote. Nilingoja fimbo. Bibi alinivuta tu kwenye kanga yake, akafikiri kidogo, akasema, “Basi ni kama Mtume. Ni yule aliyetumwa.” Halafu akainuka ghafla. “Kama ametumwa, iko mutu aliyemutuma. Huyo atujibu.”

Asubuhi yake alikwenda ofisi ya afya, nami nikimshika mkono. Kwa siku nyingi mama alikuwa akiambiwa pale avumilie. Bibi hakuomba. Alisimama mbele ya meza ya daktari mkuu akasema, “Ninyi ndio mulimutuma mutoto wangu. Mumutafute.” Kisha akaketi kwenye benchi akakataa kuondoka. Daktari alitazama dirishani, akatazama kanga ya bibi iliyolowa mvua, akaenda mwenyewe kwenye fonia, ile redio ya kuitana, akaanza kuviita vituo kimoja kimoja. Jioni jibu lilikuja likikwaruza: muuguzi mwenye sanduku alikuwa ameonekana porini, ng'ambo ya daraja, pamoja na watu waliokimbia. Ofisi ikapeleka wanaume na mtumbwi wa kumvusha.

Alirudi kwa miguu, amekonda, ndevu zimemwota, pikipiki imeporwa. Hakusimulia mengi. Alisema tu kwamba barafu ilipoyeyuka na dawa kuharibika, alibaki kusaidia kwa mikono, na kwamba mwanamke mmoja alijifungua pale porini, akampa mtoto jina la Misioni. Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Wiki chache baadaye baba alitumwa tena, akaenda.

Leo naishi Kindu, na kazi yangu ni kukagua visima vijijini, kwa hiyo nami natumwa. Neno lile nimeendelea kukutana nalo. Vijana wa mjini wakikuambia wana misioni, ujue kuna dili. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, nilisikia wanaohangaika kutafuta riziki wakisema wako kwenye mishemishe, nikajiuliza kama ndilo lile lile limebadilisha nguo. Binti yangu ana miaka ile niliyokuwa nayo mimi. Nikimwambia naenda misioni, hainui hata uso kwenye simu. “Sawa, mama, utanitumia picha.” Nilikuwa nikimwonea wivu kidogo, kwamba kwake safari yangu haina kiza. Mvua zilizopita nilikwama Lusangi, mtandao ukakatika. Tulipofika mahali penye mnara wa mtandao, simu ilitetemeka mkononi mwangu bila kupumzika, simu zisizojibiwa, moja juu ya nyingine, asubuhi, adhuhuri, jioni, zote kutoka kwa mtoto yule asiyeinua uso. Nilimwomba dereva asimamishe gari, nikashuka kwenye matope, nikampigia.