Chumvi, Dirisha, Soksi, Redio

Mimi ni mtu wa hasira, na hapa Dunda wanunuzi wa vitumbua vyangu wanalijua hilo. Anayechagua sana namwambia akapike vyake. Basi nilipomwambia mdogo wangu, "Ukimtoa mama humu ndani, mimi na wewe basi," nilimaanisha. Mama alikuwa mgonjwa, na mdogo wangu alikuja na gari la kukodi kumchukua kwenda kwake Fukayosi, ati mimi nashinda jikoni na mama anashinda peke yake chumbani. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniudhi. Siku zilizofuata alinipigia simu, sikupokea. Siku ya kumi na moja alipiga mumewe. Nikapokea, akaniambia mama ametutoka.

Nilikwenda kuzika, nikakaa pembeni kama mgeni aliyekuja kutoa pole, nikarudi zangu. Sikuuliza chochote. Mama alikwendaje? Alisema nini? Aliteseka? Kila siku nilitaka kujua, na wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, naye nimemnunia. Hasira hasara, ndivyo wasemavyo. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza.

Kilichotukutanisha ni mchezo. Binti yangu anayefanya kazi Dar aliuleta kwenye grupu la familia. Kila asubuhi yanawekwa maneno kumi na sita yaliyochanganywa, nawe uyagawe mafungu manne, maneno manne kila fungu, na utaje sababu ya kila fungu kukaa pamoja. Majibu tunamtumia yeye, naye hutaja kwenye grupu kila aliyecheza, na saa sita mchana anatangaza yaliyo sahihi. Aliyeshinda leo ndiye anayetunga ya kesho. Nilisema huo ni mchezo wa wasio na kazi. Wiki haikwisha, nikawa nacheza kila baada ya sala ya alfajiri huku nasubiri unga uumuke, kioo cha simu kimejaa alama za vidole vya unga.

Mdogo wangu naye alikuwemo. Hatukuandikiana hata neno. Akishinda yeye, kutwa sina raha. Nikishinda mimi, nachoma vitumbua huku naimba. "Mama, wewe na mama mdogo sasa mnagombea mafungu," binti yangu akanitania, nikamwambia aniache. Lakini siri yangu ni hii: nikiona amecheza, najua kaamka mzima, na moyo unatulia.

Siku moja zamu ya kutunga ikawa yake. Mafungu matatu niliyapata mapema. Viungo: iliki, mdalasini, bizari, karafuu. Nyumba: mlango, dari, paa, kizingiti. Mavazi: kanzu, kanga, buibui, msuli. Yakabaki manne, chumvi, dirisha, soksi na redio, na sababu yake sikuiona. Nikaandika, "Vitu vya dukani." Binti yangu akajibu sivyo. Nikaandika, "Mahari ya siku hizi." Akacheka, akasema sivyo. Nikaunguza chuma kizima cha vitumbua kwa kuwaza redio na chumvi.

Saa sita jibu likatoka. Hakuna aliyelipata. "Vitu alivyoviomba mama siku zake za mwisho."

Nilikaa kwenye kigoda, nikayasoma tena yale manne. Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikafuta mikono kwenye kanga, nikampigia.

"Shikamoo, dada," akasema, kama vile tuliagana jana.

"Marahaba. Soksi za nini?"

"Miguu ilikuwa ya baridi. Nikamvika za shemeji yako, zile za kuchezea mpira, nyekundu, hadi magotini. Alizitazama, akacheka mpaka akakohoa."

Nami nikacheka. Nikamuuliza dirisha. Akasema mama alitaka lifunguliwe tangu asubuhi, asikie watu wakisalimiana njiani. Na redio?

"Aliitaka iwe inasema hata akilala. Ukiizima tu, anaamka. Hakuteseka, dada. Alilala baada ya adhuhuri, hakuamka tena, na redio ilikuwa inaendelea."

Nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Nilikuwa nimeingoja habari hiyo muda wote huo, na ilikuwa mwendo wa saa moja tu kutoka kwangu.

"Na chumvi?"

"Kila uji niliompikia aliuona chapwa. Naongeza chumvi, bado. Mwisho akaniambia, mpigie dada yako aje, yeye ndiye anayeijua chumvi yangu."

"Ndipo ulipokuwa unapiga."

"Ndipo nilipokuwa napiga."

Hakunilaumu, na ningefurahi kama angenilaumu. Nikamwambia Ijumaa nakuja.

"Njoo asubuhi," akasema. "Upike ule uji, nione chumvi yake ilikuwa kiasi gani."