Babu Aliuliza Kama Nimeita

Usiku ule wa kuamkia leo sikuota kitu chochote, na nianze kwa kulisema hilo nisije nikaonekana nimepamba. Niligeuka huku, nikageuka kule, nikaamka kwa adhana ya Alfajiri, nikasali. Ndoto ilinijia baada ya sala, nilipojinyoosha kidogo juu ya mswala kungoja maji ya chai yachemke. Wapo wanaosema ndoto ya saa ile ndiyo ya kweli, na wapo wanaosema kulala saa ile hakufai. Mimi niliishia darasa la saba, sina la kuamua hapo. Naandika haraka tu kabla ya adhana ya Ijumaa.

Kwanza nieleze tulivyo, maana bila hivyo ndoto haina maana.

Babu yangu, baba mzazi wa baba, alikuwa imamu wa msikiti wetu hapa Ujiji tangu mimi sijazaliwa. Alifariki bila kusema nani ashike nafasi yake. Wanaotajwa ni wawili. Mmoja ni baba. Wa pili ni Maalim Shabani, mume wa shangazi Tausi, na shangazi Tausi ni mdogo wake baba, tumbo moja. Upande wa Maalim wanasema: mzee alipougua, alimsukuma Maalim mbele aswalishe. Ni kweli, nilikuwepo. Upande wa baba wanasema: siku ya Idi mzee alimshika baba mkono mbele ya watu akasema, "Huyu ni mimi." Ni kweli pia, nilisikia kwa masikio yangu. Maalim anasoma vizuri kuliko baba, naandika hivyo nikiwa mtoto wa baba. Baba ana subira na watu kuliko Maalim, naandika hivyo nikijua shangazi akilisoma daftari hili atanuna.

Arobaini ya babu ilipikwa kwa masufuria mawili katika ua mmoja. Shangazi alipita karibu na letu, akavuta pua. "Mh! Pilau la wanaoutaka uimamu limeungua chini."

Mama hakugeuka hata. "Lenu limejaa maji, wifi. Wafuasi wenu watatawadhia humo humo."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba na shangazi hawakucheka, na tangu siku ile hawajasemezana.

Leo baada ya sala ya Ijumaa waumini wanaamua. Na nguzo kubwa ya baba ni hii, kwamba mzee alipokuwa anakata roho alimwita yeye. Shahidi ni mimi. Jana baba aliniambia, "Mwajuma mwanangu, kesho utaulizwa. Sema tu kama ulivyoniambia siku ile." Nikajibu, "Ndiyo, baba." Sikumtazama usoni.

Kwa sababu babu hakumwita baba. Nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko. Alikisukuma kijiko akasema wazi kabisa, "Mwite Shabani." Nikatoka mbio. Mlangoni nikamkuta baba anaingia na ndoo ya maji, na mdomo wangu ukasema, "Baba, ingia, babu anaita." Sikusema anamwita nani. Baba akaingia, mzee akamtazama, akafumba macho. Kwa Maalim, ambako ni nyumba ya tatu kutoka yetu, sikufika. Kama niliogopa kwamba mzee hatasubiri, au kama nilitaka awe baba yangu, nimejiuliza mpaka nimechoka. Nadhani yote mawili. Baba alipotoka kuwaambia watu, "Mzee aliniita mimi," sikumsahihisha.

Sasa ndoto.

Nilikuwa nasikia mfuniko wa sufuria ukianza kucheza. Tak, tak, tak. Halafu si mfuniko, ni fimbo ya babu inagonga sakafu ya baraza ya msikiti, na mimi nimo kwenye madrasa aliyotufundisha. Ni mkubwa hivi nilivyo, magoti hayaenei kwenye mkeka, na watoto wote wa enzi zile wako pale, bado wadogo, wala hawashangai kuniona. Kanzu ya babu imetundikwa msumarini. Yeye amebaki na ile fulana yake yenye tundu begani, kama alivyozoea joto likizidi. Si mgonjwa. Mashavu yamejaa! Nilitaka kupiga kigelegele pale pale msikitini.

Mkononi ameshika kibunda cha uzi wa nyavu.

Uzi huo kila aliyesoma kwake anaujua. Babu alipotufundisha habari za Waislamu wa mwanzo hakutupa majina tukariri. Alimpa kila mtoto mtu mmoja wa kumbeba. Kumbeba, si kujifanya yeye. Ukithubutu kusema "mimi ndiye fulani" ulitolewa nje. Ulitakiwa kumsemea tu: yeye aliona hivi, yeye aliumia hapa. Kisha babu alipita na uzi, akaufunga kwenye vidole vyetu kwa kufuata undugu. Huyu alimwoza Mtume binti yake, funga. Huyu naye alimwoza, funga. Huyu alioa binti wa Mtume, na yule alioa wawili, mmoja baada ya mwingine kufariki, funga. Hao wanne ndio waliokuja kuongoza mmoja baada ya mwingine, wawili baba wakwe wa Mtume, wawili waume wa binti zake. Hata yule gavana wa nchi ya Sham aliyekuja kugombana na wa nne, dada yake aliolewa na Mtume. Funga. Tulipokwisha kufungwa tukawa kama dagaa wavuni, tunacheka. Ndipo babu aliposema, "Haya, sasa waligombana. Vuteni."

Tukavuta. Na uzi ule ulikata vidole vya wote, aliyevuta na aliyevutwa.

Sheria yake ilikuwa moja. Kabla hujataja kosa la mtu, taja kwanza ana undugu gani na yule aliyemkosea. Na wiki iliyofuata alitubadilisha. Uliyempinga, sasa umbebe.

Basi katika ndoto anapita, anafunga. Kila mtoto anapata wake. Anafika kwangu, anafunga uzi kwenye kidole changu cha shahada, anaendelea, wala hanitajii nambeba nani. Nataka kuuliza, sauti haitoki. Anasema, "Vuteni," na mkeka unakuwa mchanga.

Mchanga mpaka mwisho wa macho. Kelele, vumbi, farasi. Najua ni wapi, ndiyo ile siku iliyoitwa ya Ngamia, alipotoka mke wa Mtume, mama wa waumini, kudai damu ya kiongozi wa tatu aliyeuawa, akakabiliana na jeshi la kiongozi wa nne, aliyeoa binti wa mumewe. Niseme wazi kwamba wale wakubwa sikuwaona. Sikuona uso wa yeyote, nisije nikajipa nisichopewa. Nilimwona ngamia tu, ameanguka magoti, na juu yake kile kibanda cha kufunikwa, kimejaa mishale kila upande kama nungunungu. Uzi wangu unaelekea kule. Nakimbia nao. Moyo unanidunda kwa furaha, sijui furaha ya nini, kama mtu anayekimbilia harusi.

Tulifundishwa kilichofuata. Mama wa waumini alikuwa na mdogo wake wa kiume kwa baba, na mdogo huyo alikuwa katika jeshi la upande wa pili. Mama yake mdogo huyo aliolewa na yule kiongozi wa nne baada ya kufiwa na mumewe, kwa hiyo alilelewa nyumbani mwake. Vita vilipokwisha, ni yeye aliyetumwa akamtazame dada yake kama ameumia. Akatia mkono ndani ya kibanda.

Nauona mkono ule unaingia. Ni mkono wa baba yangu. Naujua kwa kovu la kisu cha kuparia samaki. Na sauti inayotoka ndani, kali, yenye kuchoka, ni ya shangazi Tausi:

"Nani huyu anatia mkono?"

Baba hajibu. Nasubiri ajibu. Jeshi lote limenyamaza linasubiri. Mishale inatetemeka kwenye kitambaa.

Babu amesimama pembeni yangu, na mchanga umekuwa tena sakafu, na ngamia ni ile kanzu iliyotundikwa msumarini. Ananiinamia kidole, anakagua fundo. Ninafuata uzi kwa macho. Ninaona kwamba ncha yangu ya pili haikufungwa popote. Inaburuta chini, inapita mlangoni, inatoka nje.

"Babu," nikasema, sauti ikatoka sasa, "Maalim ulimwitia nini?"

Alinitazama kwa upole, yaani kama ninavyomkumbuka akimtazama mtoto aliyeruka aya.

"Mimi nilikutuma kuita," akasema. "Umeita?"

Nikafungua mdomo nijieleze. Nilikuwa na maelezo mengi. Akaweka fimbo yake taratibu juu ya goti langu, akasema la mwisho:

"Basi wiki hii mbebe Shabani."

Tak! Mfuniko ukaanguka. Maji yalikuwa yamefurika na kuzima jiko, na mimi nimeamka nimesimama wima, kidole cha shahada kimenyooka mbele yangu kama mtu anayetoa shahada. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Nimemwona! Mzima, na fulana yake!

Baba alikuwa uani, amekaa kigodani anakata kucha kwa wembe, kama afanyavyo kila Ijumaa. Nilijua nikikaa kuandika kwanza sitasema. Nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, siku ile babu hakukuita wewe. Alisema mwite Shabani. Mimi ndiye niliyekuingiza."

Wembe ukasimama.

"Alisema Shabani?"

"Ndiyo."

"Wazi?"

"Wazi, baba."

"Alimwitia nini?"

"Sijui. Labda kumpa uimamu. Labda kumwambia akuachie wewe. Labda alitaka kugeuzwa tu, Maalim ana mikono ya nguvu. Nikisema najua nitakuwa nimekosa mara ya pili."

Aliuweka wembe chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, na afadhali angepiga kelele: "Siku zote hizi, Mwajuma. Nasimama mbele za watu naapa, na wewe uko upande wa wanawake unanisikia."

"Ndiyo, baba."

"Na leo? Leo umepatwa na nini?"

Nikamwambia ndoto, yote, hata mkono wenye kovu. Nilipotaja tundu la fulana aliinua kichwa. Nilipotaja uzi alitazama kidole chake mwenyewe, kama bado kina alama. Nilikuwa nimesahau kwamba baba na shangazi nao walisoma kwenye mkeka ule ule.

"Mzee alinipa nimbebe yule ndugu mtu," akasema. "Tausi akambeba dada mtu. Wiki ya pili akatubadilisha. Tausi alilia sana, hakutaka kuwa upande uliompiga dada mtu." Akafuta pua kwa kiganja. "Alikuwa mdogo, meno ya mbele hana."

Akasimama. Kucha za mkono mmoja zilikuwa hazijakatwa. Nikamwonyesha, akasema, "Ziache," akavaa kanzu njiani tukitembea.

Nyumba ya tatu si mbali, lakini leo ilikuwa mbali. Jirani mmoja anayempigania baba alimwona anapita akauliza, "Unakwenda wapi huko kwa wapinzani, Mzee?" Baba akamjibu, "Kwa mdogo wangu," hakupunguza mwendo.

Mlango wa shangazi ulikuwa wazi, pazia limeshushwa, ndani mafuta yanachemka, harufu ya maandazi imejaa. Baba hakupiga hodi. Alitia mkono kwenye upenyo wa pazia, akagonga mwimo wa mlango kwa ndani, kama wafanyavyo watu wa nyumbani.

"Nani huyo anatia mkono nyumbani kwa watu?" Ni shangazi, kwa ile sauti yake.

Nikamtazama baba. Midomo ilikuwa imemkauka. Nilihesabu pumzi zangu, moja, mbili, tatu.

"Ndugu yako," akasema.

Nikasikia kijiko cha maandazi kinawekwa chini. Pazia halikufunguka upesi, na mkono wa baba ulibaki kule kule ndani, hakuurudisha. Kisha nikaona bega lake linavutwa mbele kidogo, kama mtu aliyeshikwa.

Pazia likasogezwa. Shangazi alikuwa na unga mpaka viwikoni, na mkono wa kanzu ya baba ulikuwa umeshabadilika rangi kwa unga ule. Alinigeukia mimi. "Na wewe umefuata nini?"

"Nimetumwa kwa Maalim," nikasema.

Maalim Shabani akatokea chumbani, kofia mkononi, amejiandaa kwa Ijumaa. Alipomwona baba alisimama pale pale. Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimechelewa kwa siku nyingi, na aliyenituma amekwisha kuzikwa, lakini nikasema kama nilivyotumwa, bila kuongeza neno:

"Maalim Shabani, babu anakuita."