Midomo ya Mdogo Wangu

Mwenzangu wa ofisini hapa Mtumba ameleta ndoo ya zabibu, bado zina vumbi la shambani. Nimeinama kuzinusa, nikajikuta mtoto tena kijijini kwetu Zuzu, msimu wa mavuno.

Mdogo wangu wa kike hakuweza kukimbia. Katikati ya mchezo alikuwa anachuchumaa, anahema, na midomo inakolea rangi ya zambarau. Siku moja jirani mwenye shamba la zabibu alimwona hivyo, akamwita mama.

"Huyu mtoto ananimalizia zabibu zangu. Hebu mtazame midomo!"

Mama akaniagiza nimnuse mdomo. Nilimnusa. Ulinukia uji wa uwele tu. Lakini zabibu nilikuwa nimeziiba mimi, nikasema, "Ndiyo mama, zinanukia."

Alichapwa. Hakulia sana, alichuchumaa.

Wiki hiyohiyo, asubuhi, kikombe kilimponyoka mkono wa kulia, na mdomo ukaenda upande. Nilicheka, nikadhani ananikebehi. Hospitali mjini, daktari alisema moyo ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa, na damu iliyoganda imepanda kwenye ubongo.

"Hiyo rangi ya midomo hamkuiona, mama?"

"Tuliiona, daktari. Tukadhani ni zabibu."

Mama hakunitazama. Mdogo wangu hakuongea tena, na mvua za kwanza hazikumkuta.

"Chukua basi, dada," mwenzangu ananisogezea ndoo. "Mbona unazinusa tu?"