Maji Hayana Ndugu

Maji hayana ndugu. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika Mwanvita, na katika miaka yote aliyogawa maji ya mfereji, kule milimani juu ya Mlali, hakuna mtu aliyemwona akiivunja. Mdogo wake, Pili, aliisikia kanuni hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote, na ndiye iliyemchoma.

Kabla ya Mwanvita, mgawaji alikuwa mjomba wao, mzee Maneno. Kwa Waluguru shamba hupita upande wa mama, na mjomba ndiye sauti ya lukolo, yaani ukoo. Mzee Maneno aliwapa maji watu wa lukolo lake kwanza, wengine wakabaki kukinga tope. Kiangazi kimoja vijana wa bondeni wakapanda na majembe, na siku hiyo mtu alivunjwa mkono kwa sababu ya maji ya kunyweshea karoti. Wakulima walipokaa kikao, watu wa lukolo la Maneno waliinamisha vichwa. Mwanvita peke yake alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Mjomba, shikamoo. Umekosea." Basi wakampa yeye kazi ile.

Watu wengi husifu haki ikiwa mbali na ugali wao. Mwanvita hakuwa mtu wa namna hiyo. Alfajiri alipanda na jembe begani kuukagua mfereji, akizibua hapa na kuziba pale kwa udongo na magome ya mgomba. Kila mwenye shamba alikuwa na zamu yake. Neno lililosemwa mferejini mbele ya mgawaji halikurudi: ukisema umempa fulani zamu yako, umempa, wala hutakwenda kesho kulilia. Hilo lilikata ugomvi mwingi.

Lakini asidhaniwe kuwa alikuwa mtu wa uso mkavu. Alipenda chai ya moto sana, na aliyempa ya vuguvugu alimuuliza kama ameitoa mtoni. Alikoroma hata majirani wakaamka, na asubuhi alikana. Ndiye aliyembeba Pili mgongoni mama yao alipokuwa shambani, akamfundisha Alhamdu na kuchambua mboga. Pili alipoachika na kurudi nyumbani na binti yake mdogo, Yasmin, Mwanvita ndiye aliyekwenda kwa wazee na kumsemea mpaka akapewa kipande cha shamba la mama yao, kilichopakana na chake. "Tutapiga soga kutoka shamba hadi shamba," alisema, "hata simu hatutahitaji."

Pili akapanda kabichi, akaanza na kujenga. Kuta za matofali mabichi zilikwishasimama, dirisha likitazamana na dirisha la dada yake. Kilichobaki kilikuwa bati. Kabichi zilipoanza kufunga vichwa, kila mpita njia alikubali kwamba zile zingeezeka nyumba kabla ya masika.

Kiangazi hicho mto ulikonda, na zamu zikazunguka polepole. Aliyeikosa yake alingoja mpaka mwezi mwingine uandame. Zamu ya Mwanvita ilipita, ikafuata ya Pili. Asubuhi hiyo Pili alikuwa ndiyo kwanza amefungulia maji, dada yake amesimama na jembe, akatokea Halidi, mtani wao. Ukoo wa Halidi na ukoo wao ni watani tangu mababu. Mtani hukutukana msibani, huchukua kuku wako, nawe ukikasirika aibu ni yako.

"We Pili!" Halidi aliita. "Maji yote hayo ya nini? Hizo kabichi zimekunja uso kama mwenyewe. Ndiyo maana mume alikimbia!"

"Alikimbia harufu yako, ilikuwa inapanda mpaka ndani," Pili akajibu. "Hebu chukua haya maji ukaoge. Ukoo wenu mzima mnanuka beberu."

"Umenipa?"

"Nimekupa! Oga mpaka masikioni!"

Walicheka wote waliokuwa mferejini, na hata Mwanvita alicheka. Pili akapanda nyumbani kumpikia Yasmin uji. Aliporudi, matuta yake yalikuwa makavu. Maji yalikuwa yakikimbilia kwenye karoti za Halidi, na Halidi mwenyewe amekaa ukingoni akiosha miguu.

"Halidi! Umefanya nini?"

"Naoga, mtani. Bado masikio."

Pili akamgeukia dada yake. "Dada, mwambie ayaachie maji. Yule alikuwa anatania."

"Ndiyo, yeye alitania," Mwanvita akasema. "Wewe ukatoa."

"Na mimi nilitania!"

"Ulisema nimekupa. Umesema mferejini, mbele yangu, na watu wamesikia. Nikimkataza yeye leo, kesho kila aliyetoa zamu atasema alikuwa anatania."

Hapo Halidi aliona kwamba mzaha umekwenda mbali. Akasimama, akajifuta miguu kwa majani. "Mimi mtani, si mwizi," alisema. "Zamu yangu achukue yeye. Nimempa." Mwanvita akakubali. Lakini zamu ya Halidi ilikuwa ya mwisho kabisa katika mzunguko ule, na kabichi inayofunga haijui kusubiri.

Jioni Pili akaenda nyumbani kwa dada yake. Zamu ya kesho ilikuwa ya Mwalimu Wilfred, mstaafu aliyetoka mkoa mwingine, aliyekodi kipande kidogo cha maharage karibu na korongo.

"Nipenyeze kesho asubuhi, dada," Pili alisema kwa sauti ya chini. "Mwalimu haamki mapema, wala hatajua. Na si wa lukolo letu."

"Ndiyo maana siwezi. Angekuwa wa lukolo letu angekuwa na wa kumsemea."

"Kwa hiyo mimi nilale nje kwa ajili ya maharage ya mgeni?"

"Hutalala nje. Utalala hapa kwangu."

"Mimi nataka nyumba yangu, Mwanvita!" Alimtaja kwa jina, kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Mwanvita aliinua kikombe. Alinywa chai yake, nayo ilikuwa imepoa.

Kesho yake Mwalimu Wilfred alinywesha maharage yake kwa amani. Na kuanzia jioni hiyo Pili alimwona dada yake akishuka korongoni na ndoo, akipanda nayo kichwani, akizimwagia kabichi za mdogo wake tuta kwa tuta. Maji ya korongoni hayakuwa na zamu. Pili alichukua ndoo yake, akapita njia nyingine, bila kusema naye. Matuta machache yalipona, wakayala wenyewe. Bati halikupatikana. Masika yalipokuja, kuta za matofali mabichi zililowa, zikalainika, zikaanguka upande wa dirisha.

Pili akamchukua Yasmin, akashuka Mzumbe, akaanza kuwapikia wanafunzi wa chuo. Huko mambo yalimnyookea. Wali wake na maharage ya nazi ulijulikana mpaka wahadhiri wakawa wanamtuma mtu kuuagiza. Alipata wapangaji wenzake wema, Yasmin akasoma. Ila mlimani hakupanda.

Siku ya Idi, Mwanvita akatokea mlangoni na tenga la njegere kichwani.

"Nimekuja kula," alisema. "Sijaja kuomba radhi."

Pili alimtazama. Alitaka kununa, kicheko kikamshinda. "Basi kaa, ule. Shikamoo."

"Marahaba. Na chai iwe ya moto."

Tangu hapo kila Idi Mwanvita alishuka, na kila mavuno Pili alipanda, akalala kwa dada yake na kulalamikia mkoromo. Hawakulirudia jambo la maji. Nyumba pia haikujengwa tena, maana Pili alikuwa na wateja wake, na Yasmin alikuwa na shule. Mfereji haukuona tena majembe yakiinuliwa juu ya kichwa cha mtu. Waliokuwa watoto siku ya ugomvi ule sasa wana mashamba yao hapo, na wanadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Mwaka jana Mwanvita aliugua kifua. Alikataa watu wasumbuliwe. Pili alipigiwa simu akaondoka mara moja, lakini njia ya mlimani ilikuwa na utelezi, na alipofika dada yake alikuwa amekwisha kata roho. Jirani ndiye aliyemfumba macho.

Siku ya kuanua tanga, Halidi, sasa mzee wa mvi, alitokea uani amejitanda kanga ya marehemu na jembe begani. Aliiga mwendo wake na sauti yake. "Nani kamimina chai hii ya mtoni? Nani kachepusha maji? Wewe Pili, ulitoa! Mwalimu kwanza, wewe kalale na kabichi zako!" Watu walicheka mpaka wakalia. Kwenye mkeka wa wanaume Mwalimu Wilfred hakucheka. Alimwuliza mwenzake maana ya maneno yale, akaelezwa, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba Pili aliwahi kuiomba zamu yake, akanyimwa. Alinyanyuka, akaenda mpaka upande wa wanawake, akasimama mbele ya Pili.

"Mama, yalikuwa maharage tu," alisema.

"Ilikuwa zamu yako, mwalimu," Pili akamjibu. "Karibu ukae, chakula kinakuja."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na alikula vizuri siku ile. Haki ina bei, na anayesema haina bei bado hajaitenda. Ile ya Mwanvita iligharimu nyumba moja ya vyumba viwili, na ilimgharimu mdogo wake ujirani na dada yake: waliishi mbali miaka yote iliyobaki, na alipokufa Pili hakuwapo.